Kipande Kisicho na Mwenyewe

Mimi kukaa ni kazi. Nikikaa dakika kumi goti linaanza kucheza lenyewe, na nikilishika goti, mkono unatafuta cha kufanya. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye hakuoa mke, alioa pangaboi. Kwa hiyo iliposikika kwamba nimejiunga na kina mama wanaoshona mablanketi ya viraka, kazi ya kuinamisha kichwa saa tatu mfululizo, watu walicheka sana. Majirani zangu wa dukani, Mtaa wa Narung'ombe, walinipa mwezi mmoja. Nina mwaka na nusu sasa, na bado wanasubiri.

Tunakutana kila Jumapili saa tisa alasiri Mchafukoge, kwa Bi Khairunnisa, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyombo la mwanawe Hamood. Sisi tunaotoka misa tunakuja tumeshakula. Wao wanaosali alasiri wanaingia chumba cha ndani kwa zamu ili kazi isilale. Kila mmoja anakuja na mabaki yake ya vitambaa. Tunayapiga pasi, tunayakata miraba, tunayaunga kwa cherehani mpaka yanatoa shuka zima la rangi rangi. Kisha tunalitandika juu ya mkeka, chini yake blanketi jepesi la kuleta joto, chini kabisa shuka la kitandani, na hapo tunalizunguka wote na kuanza kupiga bandi kwa mkono ili tabaka zote tatu zishikane. Hapo ndipo maneno yanapotoka. Mengine ni ya kweli.

Sheria ya Bi Khairunnisa ni moja, na hana mzaha nayo. Kabla kipande hakijaingia kwenye blanketi, aliyekileta aseme kimetoka wapi. Hiki ni cha dera la binti yangu Rania alipopata mtoto wa kwanza. Hiki cha pazia tulilokuwa nalo kabla hatujavunjiwa nyumba. Kisichojulikana kinawekwa pembeni, hata kiwe kizuri namna gani. Anasema yeye hafuniki watoto wa watu kwa vitu asivyovijua. Mimi mwanzoni niliona ni upotezaji wa muda. Lakini nyumba ni yake, na mkeka ni wake.

Jumapili ninayoisimulia tulikuwa na haraka, maana blanketi lililokuwa mkekani lilikuwa la mwanangu. Rachel ndiye mtoto pekee niliye naye. Sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi yake na Aaron, ilikuwa Jumamosi inayofuata, na nilikuwa nimeshatangaza mbele ya kamati nzima kwamba nitamfunika mwanangu kwa blanketi lililoshonwa kwa mkono wangu. Ilibaki safu moja ya chini. Nilikuwa nimekuja na kiroba cha mabaki kutoka kwa Isidori, fundi wetu wa Gerezani, ambaye nusu ya watu wa Kilimanjaro waliopo mjini hushonesha sare kwake. Nilikimwaga kiroba chote katikati ya mkeka, maana kuchagua kimoja kimoja kunanitia kichaa.

Bi Khairunnisa akaokota kipande kimoja. Rangi ya damu ya mzee, maua ya dhahabu yaliyofumwa ndani kwa ndani, kitambaa kizito cha heshima, upana wa viganja viwili. Akauliza cha nani. Nikasema ni cha Isidori, kama vingine. Akasema Isidori si jibu, Isidori anawashonea watu elfu. Vingine vyote nilivijua kwa sababu vitambaa vyenyewe vilitoka dukani kwangu. Hicho sikuwahi kukiuza.

"Hiki nakijua mimi," akasema Candida.

Candida anauza mashuka kwa jumla mtaa wa pili kutoka kwangu. Ni mtu wa Rombo, na macho yake hayasahau kitambaa. Alikichukua, akakigeuza, kisha akataka kukirudisha mkekani. Tulipombana ndipo akasema. Miaka miwili nyuma aliona picha kwenye stetasi ya simu ya mteja wake mmoja wa Moshi. Mlango wa kanisa, watu wamejipanga, ukoo mzima umevaa kitambaa hiki. Mbele kabisa kijana wa kiume na msichana, wameshikana mikono. Alikipenda kitambaa, akataka kumuuliza mteja kimenunuliwa wapi, lakini kesho yake picha ilikuwa imeshapotea kama zinavyopotea, na yeye akasahau. Mpaka siku ya posa ya Rachel. Aliposogea kumsalimia mchumba alihisi amewahi kuiona ile sura, akashindwa kukumbuka wapi.

"Sasa nimekumbuka," akasema, na hakuniangalia usoni. "Mama Rachel, yule kijana wa kwenye picha ni Aaron."

Mtu mmoja akakata uzi kwa meno. Bi Khairunnisa akaniambia nikae, tumalize safu, mambo ya namna ile hayakimbiwi. Nikamjibu kwamba yangu yanakimbiwa. Nikakitia kile kipande kwenye pochi na kutoka, nikamwacha kila mtu na sindano yake mkononi.

Niwaambie kwa nini sikuhitaji ushahidi mwingine. Nauza vitambaa vya sare mwaka wa ishirini na mbili huu. Mtu akiingia dukani, kabla hajafungua mdomo najua kama ana harusi, kipaimara au msiba. Damu ya mzee na dhahabu ni harusi. Cha msiba ni cheusi, au zambarau iliyopoa, au kitenge cha maua madogo. Hakuna ukoo wa kwetu unaosimama mlangoni mwa kanisa umevaa damu ya mzee na dhahabu, kijana na msichana wameshikana mikono mbele, halafu iwe kitu kingine. Aaron alikuwa na mke. Mwanangu alikuwa anapelekwa kuwa mke wa pili, kwa kadi na kwa keki, na mimi nimewalisha wajumbe wake.

Nilipofika nyumbani Rachel alikuwa anapiga pasi. Akanyanyua uso na kuniuliza kama blanketi limeisha. Nikasema litaisha. Akauliza tena kama vipande vimetosha, kama vyote vimeingia. Nikamkatiza. Nikamwambia aache maswali, kichwa kinaniuma. Siku ile alikuwa mzuri jamani, amefunga kanga kifuani, jasho kwenye paji la uso, na kuna wimbo alikuwa anauimba puani. Nilitaka kulia. Ningemwambiaje kabla sijajua kila kitu? Nilijiambia nitamletea ukweli mzima, si vipande. Usiku ule nilifua mapazia yasiyo na uchafu.

Jumatatu asubuhi nilimwachia Rachel duka, nikaenda Gerezani kwa miguu. Kibanda cha Isidori kiko katikati ya maduka ya vipuri, huku wanagonga chuma, kule wanawasha injini, na yeye ameinamia cherehani yake kama yuko kanisani. Ni mwanamume mpole na mzito wa maneno. Ukimuuliza kitu anaanzia kwa babu yake. Nikamwekea kipande mezani. Akavaa miwani, akakigeuza upande wa nyuma, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa kwa mkasi wa menomeno.

"Mkono wangu huu," akasema. "Sare hii niliishona mimi, watu arobaini na kitu."

Nikamuuliza ya nani. Akasema alikuja mama mmoja wa Machame, mwenyewe kwa miguu yake, amevaa koti la baridi na jua lote lile la Februari. Alikuwa na robota zima la kitambaa. Yule mama alikaa hapo, Isidori akanionyesha stuli niliyokataa kukalia, kisha akamwambia, fundi, hii ni sare ya harusi ya mwanangu Aaron, nataka uishone vizuri kuliko zote ulizowahi kushona.

Nilirudia, nipate kusikia vizuri. Harusi ya mwanangu Aaron?

"Ndivyo alivyosema. Sasa, mama Rachel, ngoja nikuambie…"

Sikungoja. Nilikunja kipande, nikasema asante, na yeye alikuwa bado na mdomo wazi nilipokuwa naivuka barabara ya mwendokasi. Nilisikia ananiita. Niliona wazi kwamba dunia nzima ilijua, fundi alijua, wateja wa Candida walijua, isipokuwa mimi na mwanangu. Hasira ile ilinibeba mpaka bandarini, na sikumbuki nilipita wapi.

Aaron ni wakala wa kutoa mizigo. Ofisi yao iko jirani na geti moja la bandari, ngazi nyembamba, na chini yake malori hupanga foleni tangu alfajiri. Nilisimama chini nikamwita kwa jina lake kamili. Madereva wakageuka. Vijana wawili wa ofisini wakachungulia juu, kisha yeye akateremka haraka, kitambulisho kinaning'inia shingoni, mafaili kwapani. Alidhani nimepata ajali.

"Shikamoo, mama."

Sikuitikia. Katika maisha yangu sijawahi kuiacha shikamoo ya mtoto ikaanguka chini, na nilimwona ameishtukia kabla hajaona chochote mkononi mwangu. Nikamtupia kile kitambaa. Kilimgonga kifuani, kikaanguka juu ya mafaili.

"Mkeo yuko wapi?" nikamwambia, na sauti yangu niliisikia imezidi injini za malori. "Uliyemshika mkono mlangoni mwa kanisa, umevaa hiki. Mwanangu ni wa ngapi?"

Mmoja wa vijana wa ngazini akacheka kidogo, kisha akaacha. Aaron aliweka mafaili chini, kwenye vumbi, akakishika kile kipande kwa mikono miwili. Alikiangalia muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, nimejiandaa kwa kigugumizi, hata kwa ukali. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu anayekiangalia kitambaa namna ile.

"Mama yangu alikinunua kwa ajili ya harusi yangu," akasema. Aliongea polepole, chini, ikabidi nisogee. "Nilikuwa sina hata mchumba. Alikuwa ameshaambiwa na madaktari kwamba hana muda. Akasema kama hatakuwepo, basi sare ya mwanawe ataichagua mwenyewe, na ataisimamia ikishonwa. Akaenda kwa fundi. Wiki tatu baadaye akafa."

Nilifungua mdomo. Hakunipa nafasi, wala hakupandisha sauti.

"Zilikuwa zimeshashonwa. Baba mkubwa akasema zikae. Mimi nikasema hapana, mama hakuziona zikivaliwa, basi tumzike tumezivaa. Nilimshika mkono dada yangu Jacqueline, alikuwa hawezi kutembea peke yake. Ile siku unayoisema, mama, ndiyo hiyo."

Lori moja likapiga honi ndefu. Nilitamani linipige mimi. Nilikuwa nimemwambia mwanamume huyu, mbele ya watu anaofanya nao kazi, kwamba mazishi ya mama yake yalikuwa harusi ya siri. Na sababu yangu ilikuwa kwamba najua rangi.

Nikasema nisamehe, baba. Akatikisa kichwa, sijui kukubali au kunyamazisha. Akakikunja kipande vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia kwa mkono wa kulia.

"Rudi nacho nyumbani, mama," akasema. Akaokota mafaili yake, akayapangusa kwenye suruali, akapanda ngazi. Wale vijana wakampisha.

Njia ya kurudi nilipanga mambo mengi. Nitampigia baba yake mkubwa kuomba radhi kabla hajasikia kwa wengine. Nitamtafuta Candida nimfunge mdomo, ingawa mdomo ule nilishaupa nauli mwenyewe nilipotoka kwa Bi Khairunnisa nikibamiza mlango. Nitapika, nipeleke chakula ofisini kwao, vijana wote wale. Hata Rachel nilimpangia: sitamwambia leo, nitamwambia baada ya Jumamosi, au kamwe. Nilitembea haraka kiasi kwamba wamachinga wa Msimbazi walinipisha wenyewe.

Dukani kulikuwa na wateja wawili. Rachel alikuwa anampimia mmoja kitambaa, mita juu ya mita, midomo ikihesabu. Simu yake ilikuwa juu ya meza, imelazwa kifudifudi. Hakuniangalia. Alimaliza kupima, akakata, akakunja, akawaaga wote wawili kwa adabu, na ndipo akaja mbele yangu. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Amenipigia," akasema.

Nikaanza kueleza. Nikaanzia kwa Candida, stetasi, mlango wa kanisa, halafu Isidori na koti la baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mimi ninapoeleza nikiwa na hatia huwa naeleza marefu. Nikamwambia mtu yeyote angedhani vile. Nikatoa kile kipande kwenye pochi, nikakiweka mezani kama kithibitisho, nikasema tazama, kilikuwa ndani ya kiroba cha Isidori, sasa mimi ningejuaje kimefikaje humo.

"Niliweka mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Jumamosi asubuhi, kiroba kikiwa hapo nyuma ya mlango," akasema Rachel. "Isidori mabaki ya kile kitambaa aliwarudishia wenyewe tangu zamani. Aaron alikuwa nayo nyumbani kwake, kwenye sanduku la mama yake. Nikamwomba kipande. Nilitaka na mama yake awemo kwenye blanketi. Nikakuambia, mama nina jambo nataka nikuambie la blanketi. Ukasema subiri, uko mbioni. Jana nikakuuliza kama vyote vimeingia, ukanikatiza."

Mteja akaingia, akatuona, akatoka.

"Umemsikiliza Candida," akasema. "Umeenda Gerezani. Umeenda mpaka bandarini, umemuuliza mbele ya watu. Mimi ninalala chumba cha pili, mama. Hukuniuliza."

Nikasema nilikuwa nataka kumlinda. Akasema anajua. Akasema Aaron amemwambia Jumamosi iko palepale, hajabadilisha chochote, na amemwomba yeye Rachel asinikasirikie. Lakini yeye Rachel anakasirika, na hataki kuigiza. Blanketi litamaliziwa kwa Bi Khairunnisa na kile kipande kitakuwa katikati, hata ikibidi kufumua mraba mwingine. Na siku yenyewe, atakayemfunika ni Bi Khairunnisa.

"Nimeshatangaza kwenye kamati," nikasema. Ndilo neno la kipumbavu lililonitoka.

"Basi utatangaza tena."

Iliniuma, sitaki kuficha. Iliniuma kuliko maneno ya Aaron, kwa sababu Aaron alinihurumia. Nikageuka kuchukua pochi. Nilikuwa nimeshaona cha kufanya: nikimbie Mchafukoge sasa hivi, nizungumze na Bi Khairunnisa, yeye Rachel anamsikiliza, halafu nirudi bandarini kabla hawajafunga. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika kizingitini.

"Mama. Kaa."

Hajawahi kuniamuru kitu tangu nimzae. Nikarudi. Nikakaa juu ya robota la vitenge lililokuwa karibu na meza, na yeye akavuta stuli akakaa mbele yangu, magoti yetu yakigusana. Nje mtu alikuwa anatangaza bei kwa kipaza sauti, maneno yale yale, tena na tena. Goti langu likaanza. Nikalishika kwa mikono yote miwili.

Alisubiri. Nikaelewa kwamba ananipa nafasi niliyoikimbia siku mbili nzima, nafasi ya kumuuliza chochote ninachotaka kujua kuhusu mwanamume huyu na watu wake. Maswali niliyokuwa nayo asubuhi yote yalikuwa yamekufa. Nilitafuta lingine. Kitambaa kilikuwa mezani, na nikamfikiria yule mama kwenye stuli ya Isidori, na koti lake, akisimamia sare ya harusi ya mtu asiyemjua, ambaye alikuwa mwanangu.

"Mama yake Aaron," nikasema. "Alikuwa anaitwa nani?"

Rachel aliniangalia. Hasira ilikuwa bado ipo usoni, ila sasa kulikuwa na huzuni pia, na hiyo iliniumiza zaidi.

"Celina," akasema. "Siku ya posa walilitaja mara tatu, mama. Ulikuwa unahesabu sahani."